Mlima wa Badala

Tulimwita Mwalimu, na sidhani kama kuna mtu Jedda nzima aliyemwita kwa jina lake. Alifundisha hesabu shule ya wasichana mpaka akastaafu, lakini si hesabu iliyompa sifa. Sifa yake ilikuwa kichaa cha milima. Alizaliwa wapi na kwa nani, sitayaingilia. Wazanzibari wa Jedda wanaweza kukueleza ukoo wa mtu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, waulize wao. Mimi nitasema niliyoyaona, tena nitayasema ninavyotaka, kwa sababu miguu iliyopata malengelenge ni yangu.

Niliingia nyumbani kwake kumtunza mama yake, ambaye sote tulimwita Bibi. Siku ya kwanza nilimwita Mwalimu "madam", kama wakala alivyotufundisha. Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Madam yuko dukani anauza manukato. Mie Mwalimu. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Kenya. Karatina."

Alikuwa ameketi, akasimama. "Karatina hii ya chini ya Mlima Kenya?"

"Ndiyo."

"Umeshaupanda?"

"Kwani huko juu kuna nini?"

Woiye, ningejua ningenyamaza. Alirudi kukaa, akaweka mikono mapajani, akaniuliza nilikuwa nikifanya nini miaka yote hiyo. Nikamwambia nilikuwa nikilima viazi. Mlima ulikuwa pale, unaonekana asubuhi na mapema, halafu mawingu yanaufunika na watu wanaendelea na kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninaupenda. Bibi, kitandani, alicheka mpaka akakohoa. "Mungu kakuletea mtu wa mlimani asiyetaka mlima," alimwambia binti yake. "Sasa utajijua."

Kuanzia siku ile nilijua alichokitaka, maana hakukificha. Alitaka kusimama juu ya mlima wenye theluji ya Mungu, si ya mashine, aishike kwa mkono wake. Hicho tu. Hakuwa na haja ya dhahabu wala ya nyumba kubwa. Mwanzoni alikuwa ameuchagua Kilimanjaro. Nilipokuja mimi akahamia Mlima Kenya, akisema sasa ana mwenyeji. Mwenyeji gani! Alikuwa ananiuliza mawe yake ni ya rangi gani, maji yake yana baridi ya namna gani, mimi najibu sijui, sijui, sijui. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Na wewe umekaa karibu na bahari maisha yako yote, umejuana na samaki?" Akaguna, akasema hilo ni jibu zuri, lakini bado ni aibu.

Viatu vyake lazima nivitaje. Alikuwa na jozi ya kutembelea, iliyokwisha kisigino, na jozi nyingine ndani ya boksi, nzito, ya ngozi ya kahawia, aliyoinunua mahsusi kwa safari ya theluji. Hiyo ya pili haikukanyaga barabara. Alikuwa akiivaa ndani ya nyumba tu, akipanda na kushuka ngazi zetu huku amevaa dera la nyumbani na mtandio, eti anavizoesha mguu. Kiatu kipya, alisema, ni mgeni, na mgeni huendi naye mbali kabla hujamjua tabia. Jirani wa chini alilalamika kuhusu vishindo. Mwalimu akamwomba radhi, akampelekea kaimati, kesho yake akaendelea.

Na bado mwanamke huyohuyo hakuthubutu kupanda juu ya kiti kubadilisha balbu! Niliona ajabu. Mtu anasimama ukingoni mwa jabali, chini yake hakuna kitu ila hewa na kunguru, anakula tende. Mpe stuli ya jikoni, anatetemeka. "Jabali limekaa palepale tangu dunia iumbwe," alijitetea. "Stuli kaiunda nani? Unamjua?" Lifti pia hakuipenda. Tulikuwa tukienda Balad, mji wa kale wa Jedda, kununua viungo, na katika zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe alikuwa anaomba ruhusa kwa wenye maduka apande ngazi zao mpaka darini, bure tu, halafu anashuka akiwa ameridhika. Wenye maduka walishamzoea. Walikuwa wanamwuliza, "Mwalimu, leo hali ya hewa huko juu ikoje?"

Kila Ijumaa aliyoweza, Bibi akiachiwa jirani wa chini, alikuwa anatupeleka mlimani. Nasema "tu" kwa maana ya wanawake kama mimi, wafanyakazi wa majumbani, Wakenya wengi na Waganda wawili watatu, wale waliokuwa na madam wa kutoa Ijumaa. Na wasiotoa, Mwalimu alikuwa anawapigia simu mwenyewe. Kiarabu chake cha Hijazi kililainika kama samli. Anauliza afya ya watoto, anauliza mitihani, halafu mwishoni: nimwazime binti huyo mpaka magharibi, amana yako itarudi salama. Walimkubalia kwa sababu nusu yao aliwafundisha kujumlisha.

Tulikuwa tunakwenda njia ya Taifu, kwenye milima ya Hada, ambako kuna njia ya zamani ya ngamia iliyotandikwa mawe. Njia fupi ya kwenda huko inapita Makka. Mimi Mkristo, siruhusiwi kupita, kwa hiyo kwa ajili yangu gari zima lilizunguka kwa barabara ya pembeni. Mara ya kwanza wenzangu walinung'unika. Ati kwa nini wote tuchelewe kwa sababu ya mmoja, si abaki na Bibi. Mwalimu aliwasha indiketa akaingia njia ndefu. Tulipofika akasema, "Mlima tunaupanda kwa mwendo wa yule anayechelewa. Leo tumeanza kuupanda tangu barabarani. Haya, yalla, shukeni." Sikumwambia siku ile, lakini moyo wangu ulimkubali pale. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwona kama bosi mwenye vituko tu.

Mlimani alikuwa na sheria zake, na hazikuwa nyingi. Usikanyage usipopaona. Maji kunywa kabla hujaona kiu. Nyani wa Hada usiwape kitu, usiwakenulie meno. Na saa ya kurudi ikifika, tunarudi, hata kama kilele kiko hapo mbele unakiona. Hii ya mwisho ndiyo iliyotuudhi. Ijumaa moja soli ya kiatu cha mwenzetu mmoja ilibanduka, tukaifunga kwa kitambaa, tukapoteza muda. Tulikuwa chini kidogo ya kilele, sauti za watu waliopandishwa kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya tunazisikia. Mwalimu akatazama saa yake. "Halas. Tunageuka."

"Mwalimu, si ni hapo tu!"

"Ni hapo tu, na kutoka hapo tu mpaka Jedda ni mbali. Nikimchelewesha mmoja wenu leo, Ijumaa ijayo hapewi ruhusa hata mmoja. Kilele hakina kafili, hakina mdhamini wa kukihamisha, hakiendi pahala. Geukeni."

Tuligeuka. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna foleni, tukafika Jedda magharibi ikiwa bado kabisa. Garini hasira zilitujaa. Mimi nikalitoa: "Unaona sasa? Tumefika mapema. Tungefika juu na kurudi."

"Ee, tumefika mapema," akasema. "Mlitaka tuchelewe ndo mfurahi?"

Akaanza kuwashusha wenzangu mmoja mmoja, kila mtu mlangoni kwa madam wake.

Jambo moja lilimtoa povu: mtu kusema ameushinda mlima. Alikuwa anatazama simu yake, anaona vijana wamepiga picha kileleni na bendera, wameandika wameushinda, anaanza kugomba peke yake jikoni. "Umeushinda? Kwani ulikuwa unapigana nao? Mlima haujui hata kama umekwenda!" Kwake kupanda ilikuwa adabu tu. Unabisha hodi, unaingia, unakaa kidogo, unaaga.

Kuhusu kuteleza kwenye theluji, zile mbao ndefu za miguuni, maoni yake yalikuwa makali zaidi. Alizipenda video zake, ajabu, alizitazama mpaka chai ikapoa. Lakini aliona kuna dhuluma pale wanapopandishwa kwa viti vya waya halafu wanashuka. "Mtu anashuka mahali ambapo hakupapanda," alisema. "Huo wizi. Mteremko ni malipo ya mwenye kupanda." Tulipohamia Riyadhi alitupeleka, mimi na wafanyakazi wenzangu wa huko, kwenye vilima vya mchanga mwekundu nje ya mji, ambako watu wanapanda kwa pikipiki za magurudumu manne na kushuka kwa ubao. Sisi alitupandisha kwa miguu. Unapiga hatua, mchanga unakurudisha nusu yake. Vijana wa pikipiki wanatupita wakitutimulia vumbi, wanatucheka. Tulipofika juu nilimwambia nitamshtaki. Akanipa ubao. Nikateleza mpaka chini nikipiga mayowe, nikajikuta namwambia, "Tena!" Akanionyesha kilima kwa kidole. Panda kwanza.

Nimesema tulipohamia Riyadhi. Tulihama baada ya Bibi kufa, na hapo ndipo penye doa la hadithi yake, au labda ndipo penye uzuri wake, sijaamua.

Safari ya theluji aliipanga zaidi ya mara moja. Begi lilifungwa, boksi la viatu likawekwa mlangoni. Kila mara Bibi akapandwa na kifua, au akaacha kula, na kila mara begi likafunguliwa. Mara ya mwisho Bibi mwenyewe alimfukuza. "Nenda zako! Unangoja nife ndo uende? Mwanamke huyu ananitunza." Mwanamke huyu ni mimi. Na mimi nikamwunga mkono, nikamwambia Mwalimu ninajua dawa zote, ninajua kumgeuza, aende tu.

"Wewe ni kazi yako," akanijibu. "Mie ni mama yangu."

Niliumia. Nikamwambia papo hapo kwamba nimeumia, kwa sababu siwezi kukaa na kitu kooni. Nilimlisha mama yake kwa kijiko, nilimwosha, nilimwimbia nyimbo za Kikikuyu asizozielewa, halafu niambiwe ni kazi? Mwalimu alikaa kwenye ngazi. Akasema, "Si kwamba sikuamini. Naogopa, mwanangu. Naogopa nitakuwa juu huko nafurahi, na yeye anakata roho huku ananiita." Alilia kidogo, akapenga kamasi, akafungua begi. Hatukulizungumza tena.

Siku za mwisho za Bibi, hakuweza tena kutembea. Alitaka umra moja zaidi, na mwili ukakataa. Mwalimu akaenda kumfanyia, umra ya badala. Aliporudi nilimwuliza, kwetu hakuna jambo kama hilo. Akanieleza: mtu asiyejiweza kabisa, mwingine anaweza kwenda kwa niaba yake. "Lakini sharti uwe umeshafanya ya kwako kwanza. Huwezi kumbebea mwenzio mzigo ambao wako hujaubeba." Bibi alisikia, akaomba ashikwe mkono, akamshukuru binti yake kama anayemshukuru mgeni. Hakukaa sana baada ya hapo.

Matanga yakapita. Mwalimu alikuwa na binti anayeishi Riyadhi, mtaa wa Suwaidi, naye akamwita akae naye. Mimi nikahamisha kafala, yaani udhamini wa mwajiri, nikapata kazi ya usafi kwenye maofisi ya Olaya, baadaye nikawa msimamizi wa zamu. Tulionana Ijumaa. Mara ya kwanza kufika Suwaidi nilimkuta ngazini na vile viatu vya kahawia, dera limepandishwa kidogo, anapanda. Safari hii hakuna wa kumzuia, aliniambia. Msimu ukifika, anakwenda.

Goti likakataa. Lilianza kuvimba jioni, halafu asubuhi, halafu siku nzima. Likapasuliwa, likawekwa chuma. Daktari akamwambia atembee, aende sokoni, afanye umra, lakini milima halas. Alichomwambia ndicho kilichomchoma: kupanda huenda angeweza, kushuka ndiko goti halitavumilia. "Nimesema maisha yangu yote mteremko ni malipo," aliniambia. "Sasa naambiwa nikipanda, malipo sipati." Kisha akatukana goti lake kwa neno la Kiunguja ambalo sitaliandika.

Basi, nilipopata karatasi zangu za kurudi Kenya moja kwa moja, nilikwenda kumuaga. Hakutaka niagie nyumbani. Akataka nimpeleke kwenye ukumbi wa theluji, ule ulio ndani ya moli, ambao alikuwa ameutukana tangu ufunguliwe.

Tulikodi makoti yanayonuka soksi za watu. Ndani kulikuwa na baridi ya friji na taa za buluu, watoto wanapiga kelele, na mteremko mmoja mfupi wa theluji ya mashine wenye mkanda unaotembea pembeni, wa kuwapandishia watu. Mwalimu na fimbo yake alisimama chini akiangalia. Akainama kwa shida, akachota theluji kidogo, akaiminya, akainusa.

"Ya mashine," akasema. Lakini hakuitupa.

Akaniambia anataka kuteleza mara moja tu, amekaa kwenye beseni la plastiki kama watoto wa pale. Nikamwambia sawa, mkanda huo hapo. Akatikisa kichwa. Atashukaje mahali ambapo hakupapanda? Nikaona uso wake, nikajua hatanii. Halafu akaniangalia kwa namna ileile ya siku ya kwanza, aliposikia Karatina.

"Nipandie wewe."

"Nikupandie?"

"Badala. Wala sisemi ni ibada, usinizulie dhambi. Nipandie kwa miguu, mie nipite kwenye mkanda, nishuke kwa haki."

"Haya basi, napanda."

"Ngoja," akasema, akanishika koti. "Kwanza panda wa kwako."

Nilipanda mteremko ule wa watoto mara mbili, mimi mtu mzima, nikiteleza, mfanyakazi wa pale anapuliza filimbi kunikataza, "Mafi, mafi, sista, mkanda huku!" Mara ya kwanza yangu. Ya pili yake. Mwalimu alipita kwenye mkanda akiwa amesimama wima, tukakutana juu. Alikaa kwenye beseni, akavuta mtandio wake, akashuka. Hakupiga kelele. Alikaa pale chini muda, watoto wakimzunguka, mpaka nikateremka kumwinua. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

Nje, kwenye chai, alitoa lile boksi kwenye mkoba mkubwa aliokataa nimbebee tangu asubuhi. Nilijua kabla hajalifungua.

"Mlima wenyewe," akasema. "Ule wa kwenu. Nipandie."

"Mwalimu! Mimi siupendi mlima, unajua."

"Najua. Ndo maana nakuomba, si nakuamuru. Hivi ni vya safari yangu. Ya kwako vaa vyako."

"Yaani nipande mara mbili? Una wazimu wewe!"

"Ningekuwa na goti, nisingekusumbua."

Nilimwambia nitaona. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka fimbo ikaanguka, watu wakageuka kutazama.

Nimepanda, basi. Nilijisajili na wapagazi wa Naro Moru, nikakodi viatu, nikatukana kila jiwe. Kichwa kiliniuma, nikatapika, nikataka kurudi, na mwongozaji alinisubiri kwa mwendo wangu, mwendo wa anayechelewa. Tulifika Lenana, kilele cha wanaopanda kwa miguu, jua likichomoza. Theluji ilikuwa kidogo tu, imejibanza nyuma ya mwamba, imechafuka vumbi. Nilivua glavu nikaishika. Chini niliona upande wa Karatina, mashamba yote, na nililia, si kwa uzuri, kwa hasira ya miaka yote niliyolima viazi bila kuinua kichwa.

Nilimpigia nilipofika chini, kwenye geti la hifadhi, mtandao uliporudi.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Theluji?"

"Kidogo. Chafu."

"Umeishika?"

"Nimeishika, Mwalimu."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake adhana ya Suwaidi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Huo ulikuwa wako. Wangu lini?"

Viatu vyake vya kahawia nimeanza kuvivaa nikienda sokoni. Vinanibana kidole gumba cha kulia, na wauza viazi wananicheka, wananiuliza nakwenda vita gani. Nawaambia bado navizoesha.